Bomba Jembamba la Baiskeli ya Shemeji

Zima hiyo mashine, mwanangu, vuta kigoda unisikilize. Leo nina hasira, wala sitaificha. Fremu uliyoichomelea asubuhi ni ya baiskeli ya mbio ya zamani, na umeipaka rangi kabla sijaiona. Mwenyewe anaifuata jioni. Haitoki hapa.

Nakumbuka siku moja, nikiwa na umri kama wako na karakana yangu ikiwa Bukiriro, shemeji yangu Laurenti, mume wa dada, alikuja akikokota baiskeli ya namna hiyo hiyo. Aliinunua Rusumo kwa msafiri aliyechoshwa na milima yetu. Watu walimwonea gere, maana aliiinua kwa mkono mmoja. Lakini yule msafiri alibeba nguo zake tu. Shemeji alifunga nyuma keria ya nondo, akapakia mikungu ya ndizi kama tunavyofanya sote huku. Bomba la chini likapata ufa karibu na shingo.

Mimi nilizoea baiskeli zetu nzito, zile unazichoma utakavyo na bado zinabeba. Sikujua kwamba mabomba ya hizi za mbio ni chuma kigumu kilichovutwa kikawa chembamba ili kiwe chepesi. Unene umebaki kwenye ncha, pale yanapoungana. Katikati ukuta wake ni kama ukucha. Waliozitengeneza waliziunga kwa shaba, kwa moto wa kiasi, kwa sababu moto mkali unakiharibu chuma hicho. Mimi nikaweka moto wa umeme. Tena nikabandika kipande cha nondo juu ya ufa, nikasawazisha kwa grinda, nikapaka rangi. Ilipendeza, mwanangu. Hilo ndilo linalonichoma hadi leo.

Laurenti akauliza kama aiamini, kwa kuwa kesho yake alikuwa anateremka Rusumo na mikungu mitatu.

"Panda tu, shemeji," nikamwambia. "Hapa utavunjika wewe kwanza."

Tukacheka wote wawili.

Na kweli, pale nilipochomelea hapakuvunjika. Bomba lilikatika vidole viwili kutoka hapo, nondo inapoishia na wembamba unapoanza, katikati ya mteremko, malori yakipanda upande wa pili. Walimwokota na paja limevunjika. Alipona, lakini mguu ulibaki mfupi, na mikungu hakubeba tena. Dada yangu ndiye aliyeanza kuibeba, kichwani.

Fundi aliyenifundisha kazi, Mzee Baranyikwa, alikuja bila kuitwa. Nikamwamkia shikamoo, hakuitikia. Akaniamuru nilibane lile bomba kwenye jiliwa la mezani, nilikate kwa msumeno kwenye ncha, kisha katikati. Nikaona mwenyewe: huku nene, kule jembamba.

"Ulijua liko hivi?" akauliza.

Nikasema sikujua.

"Basi kwa nini ulimwambia apande?"

Akaniambia hakukasirishwa na kutojua kwangu, kwa kuwa hata yeye alijifunza kwa kuharibu. Alikasirishwa na ile rangi. Akaondoka bila kuaga, na ilipita masika nzima kabla hajaniitikia salamu.

Sasa nawe umeniambia leo, "Kwani inaenda mashindanoni, mzee?" Haiendi. Inaenda Nyamigogo, na keria yake nimeiona imefungiwa mto wa kukalia mtoto. Ndiyo maana nimepaza sauti mbele ya wateja.

Hasira yangu haimaanishi kwamba huna mkono. Mkono unao, kuliko niliokuwa nao mimi. Kuunga kwa shaba nitakufundisha, pole pole, na utaharibu mabomba mabovu mengi hata upate. Ila usichokijua usikifunike kwa rangi. Mwambie mtu, "Hili silijui," hata kama ataipeleka baiskeli kwa fundi mwingine, hata kama atakucheka. Mungu aibariki mikono yako, awalinde wote watakaopanda ulichokigusa, akupe uzee usio na mguu wa mtu wa kuukumbuka.

Haya, chukua msasa. Kwangua rangi yote mpaka chuma kionekane, igonge fremu kwa spana taratibu usikilize ilivyo nyembamba, na mwenyewe akija jioni, mwonyeshe ulipochoma na umwambie asiipande.