Ukizima mashine ya presha, maji bado yako macho: yaliyompata yaya wangu hapa Kindu

Wakuu, nawasalimu kutoka Kindu, Maniema. Wengi hamnijui, maana mimi ni mmoja wa wale wa kusoma nyuzi za wenzao na kupita kimya kimya.

Leo sipiti. Haya yametokea uani kwangu, na mwenye kosa ni mimi. Nitayaeleza yalivyokuwa, hata pale ninapoonekana mjinga.

Majuzi kuna mkuu aliuliza humu anunue mashine gani ya kuoshea nyumbani, ile inayorusha maji kwa presha. Watu wakamjibu kwa fujo, kila mmoja anatamba kwamba ya kwake ina presha kubwa zaidi. Sikuona hata mmoja aliyemwambia namna ya kuizima. Nikasema hili nisipoliandika litanikaa kooni.

Naishi Mikelenge, hapa hapa mjini. Nauza mawese sokoni, na nyumbani nina ua wa sementi ambao mume wangu aliumwaga kwa jasho lake.

Wanaoijua Maniema wanajua mvua zetu. Sementi ikikaa miezi miwili bila kusuguliwa inaota ukungu wa kijani, unateleza kama bamia. Nilisugua kwa brashi na jivu mpaka magoti yakagoma. Halafu mama mkwe akateleza na ndoo yake, akakaa chini puu! Hakuvunjika kitu, namshukuru Mungu, lakini wiki nzima alikuwa anaitukana ile sementi kama mtu.

Ndipo nikaenda kwa Papa Kambale, mfanyabiashara kutoka Kivu ya Kaskazini mwenye duka la vyombo vya umeme. Nilikwenda nikiwa nimeshachagua moyoni: ile kubwa nyekundu iliyokaa mbele.

Hakunionyesha mashine yoyote. Aliniuliza kwanza.

"Mama, umeme unatoaka wapi? Na maji? Na unataka kuosha nini?"

Nikamwambia umeme ni grupu, yaani jenereta yetu ndogo. Maji ni ya kisima, tunayaweka kwenye pipa. Na nataka kuosha ua na pikipiki ya mzee.

"Basi ile mukubwa uache," akasema. "Grupu yako itakufa siku ya kwanza."

Wakuu, hapo ndipo pa kuanzia. Msianze na presha, anzeni na umeme mlionao. Mota ya mashine ikiamka inavuta umeme mwingi kuliko ikishakimbia. Kama jenereta yako inatosha kwa kubana, haitoshi. Angalieni wati zilizoandikwa kwenye mashine, kisha jenereta iwe na nguvu ya kuzidi hapo vizuri tu.

La pili ni maji. Mashine nyingi zimetengenezwa kwa nyumba yenye bomba. Ukiwa mtu wa pipa kama mimi, uliza kama inaweza kuvuta maji yenyewe, na uwe na kichujio mdomoni mwa mpira wa kuvutia maji. Kisima chetu kina mchanga, na mchanga ukiingia kwenye pampu, pampu imekwisha.

Presha yenyewe, ile inayoandikwa kwa bari, mia moja na kidogo inatosha kabisa kwa ua na pikipiki. Zaidi ya hapo unatafuta kubomoa. Jirani yangu aliazima ile kubwa ya gereji akaoshea ukuta wake wa matofali ya udongo. Sasa ana dirisha ambalo hakulipanga.

Basi nikanunua ndogo. Ina nozeli tatu, yaani vichwa vya kutolea maji: moja inatandaza maji kama feni, moja ya kati, na moja inayotoa mstari mwembamba kama uzi. Mkono wake wa kushikia wanauita bunduki. Sisi tuliokuwa Kindu wakati wa vita hatulipendi jina hilo, lakini ndilo lililopo.

Papa Kambale alinipa na kijitabu. Kilikuwa cha Kifaransa, maandishi madogo, nikakiweka juu ya kabati. Kipo mpaka leo, na ukurasa wa kuzima sasa naujua kwa moyo.

Sasa niwatambulishe yaya. Kwetu yaya ni kaka au dada mkubwa. Huyu ni yaya Ramazani, mzaliwa wa kwanza wa mama, fundi cherehani. Kibanda chake kiko hatua chache kutoka kwangu, na kila siku adhuhuri anakuja kula kwangu.

Wakati wa vita ndiye aliyetulisha. Treni haikuja, nje ya mji hapakuwa na usalama, mashamba yakabaki huko na mihogo yake. Yaya alikuwa kijana na cherehani ya marehemu baba. Alishona alichopata: mapazia yakawa suruali, turubai zikawa mifuko. Watu walimlipa kwa kikombe cha mchele au ndizi mbili.

Siku moja sindano ilivunjikia ndani ya kidole chake. Hospitali wakati huo ilikuwa majengo tu, dawa hamna. Chumvi nayo ilikuwa ya kutafutwa mji mzima. Mama alikuwa na kijiko kimoja alichokificha kwenye kitambaa. Akachemsha maji, akakitia chote, akamtumbukiza yaya mkono. Kile kipande cha sindano akakitoa kwa wembe.

Kidole kikapona. Tangu siku hiyo, kwetu kila jeraha lina dawa moja.

Na kuna jambo jingine la kwetu. Mkubwa akija kula, hanawi mwenyewe. Mdogo anachukua birika, anamwagia maji, mkubwa anakinga mikono. Nimemnawisha yaya tangu nikiwa na meno ya utoto. Tena katika miaka ile ya vita, maji yalipokuwa ya kuhatarisha maisha kuyafuata, tulijifunza kutomwaga hata tone. Maji ya kuoshea mchele mtu aliyaogea.

Hayo mawili, heshima na uchoyo wa maji, ndiyo yaliyoniponza.

Siku yenyewe nilikuwa naosha ua tangu asubuhi. Karibu na jiko ukungu ulikuwa mgumu, nikaweka ile nozeli ya uzi. Ukatoka wote! Nilifurahi mpaka nikaimba.

Adhuhuri nikasikia yaya anapiga hodi. Nikazima mashine, nikazima na grupu. Ua ukawa kimya. Nilijiona mwanamke mwangalifu sana.

Yaya akaja na mikono imejaa mafuta ya cherehani.

"Mudogo, ninawishe. Niko na njaa."

Birika lilikuwa ndani. Nikamwambia ngoja nikalilete.

"Ya nini? Si maji iko mu mupira? Utaimwanga bure?"

Nami nikaona ni kweli. Mashine imezimwa, grupu limezimwa. Kwenye mpira yamebaki maji kidogo, kwa nini yapotee? Yaya akakinga mikono kama kawaida yake, karibu kabisa, vile mtu anavyokinga kwenye mdomo wa birika. Nikaelekeza bunduki, nikaminya kidogo.

Wakuu, ile kitu haina kidogo. Imefunga au imefungua. Na maji yaliyobaki kwenye mpira yalikuwa bado yamebanwa kwa nguvu ileile ya mashine. Yakatoka mara moja, tsii! kisha yakakatika.

"Ii! Imenichoma!"

Tukaangalia. Kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, karibu na kiungo, kulikuwa na kitundu. Ukubwa wa kitundu cha sindano. Damu tone moja.

Tukacheka. Naandika hili na aibu, lakini tulicheka.

"Haiko kitu. Leta chumvi," yaya akasema. "Tulipona vita na chumvi, sasa maji njo itaniua?" (Njo ni ndiyo ya kwetu.)

Nikachemsha maji, nikatia chumvi, tena safari hii chumvi tele. Akaloweka, tukala, akarudi kazini. Jioni alisema kidole kina ganzi. Nikasema kitapoa.

Asubuhi yake aliyekuja kwangu ni Zaina, mke wa yaya. Hakusalimu.

"Kuya uone mukono ya yaya wako."

Kidole kilikuwa kimevimba na kung'aa, uvimbe umefika kiganjani. Yaya amekaa kitandani, jasho linamtoka, lakini mdomo bado uko vitani.

"Ongeza tu maji moto."

Zaina akamkata: "Mukono ya fundi haingojake. Simama, tuende."

Mimi ningemsikiliza yaya. Nasema ukweli. Ningeongeza maji moto. Zaina hakukulia Kindu, hakuwa na hadithi ile ya kijiko cha chumvi, ndiyo maana akili yake ilikuwa wazi.

Hospitalini daktari alipoona kile kitundu hakucheka. Aliuliza kilitoka wapi. Nikamweleza, mashine na yote. Akaniuliza tuliweka nini. Nikasema maji moto na chumvi.

Akasema taratibu, "Wakati ya vita mulifanya muzuri, mama. Lakini leo hospitali iko wazi."

Nililia pale pale kwenye benchi.

Alitueleza kwamba maji yenye presha yanapita kwenye tundu dogo, halafu yanatanuka ndani na kupasua njia yake kando ya mishipa na mifupa. Yanaingia na uchafu wote yalioubeba. Juu huoni kitu, ndani kumeharibika. Akampasua kidole kwa urefu, akasafisha, akamchoma na sindano ya pepopunda. Tukae tukijua, akasema, kwamba huenda kidole kikakatwa, na kama uchafu umepanda zaidi, si kidole tu.

Siku nne sikuuza mawese. Nilikaa nje ya wodi nikimwangalia Zaina akinipita kuingia na kutoka. Angenitukana ningepumua.

Kidole hakikukatwa. Lakini hakikunjiki tena. Kimesimama wima.

Kwa mtu mwingine hilo ni dogo. Kwa fundi, kidole hicho ndicho kinachoongoza kitambaa chini ya sindano. Sasa anafundisha kidole cha kati kazi hiyo, na gauni alilokuwa akishona kwa siku moja linachukua tatu. Wateja wengine wamehamia kwingine. Wengine wamebaki, Mungu awabariki.

Mashine sijaitupa. Zaina mwenyewe alisema, "Tumia, lakini tumia na akili." Basi natumia hivi.

Navaa buti za mpira na miwani, na mbuzi na watoto wanafungiwa nje kabla sijaiwasha. Grupu linakaa mbali nje ya nyumba, kwa ajili ya moshi, na waya wake unapita juu, haulali kwenye maji. Naanza na nozeli ya feni kila mara, nikisimama mbali, halafu nasogea. Ile ya uzi nimeifunga kwenye karatasi. Bunduki haielekezwi kwa kiumbe yeyote, iwe imewaka au imezimwa, wala sioshi nayo miguu, viatu vilivyovaliwa wala mbwa.

Na kuzima: nazima mashine, nafunga maji, KISHA naelekeza chini na kuminya mpaka yaishe kabisa, ndipo nafunga kile kikufuli cha kuzuia kuminya. Bila hiyo hujazima, umenyamazisha tu.

Yakimpata mtu, hata kama ni kitundu cha kucheka, msimkande na msingoje avimbe. Mkono juu, asile kitu maana huenda akapasuliwa, hospitali saa ileile. Na mkifika mseme wazi kwamba ni maji ya presha, wasije wakawapa plasta mkarudi nyumbani.

Wiki iliyopita yaya alirudi kula kwangu kwa mara ya kwanza. Adhuhuri, hodi ileile. Nikatoka na birika la plastiki, nikashindwa kuliinamisha. Maji yako pale, yaya amekinga, mimi nimesimama tu.

Akaniangalia.

"Mwanga, mudogo. Hii njo birika."

Nikamwaga. Vidole tisa vilikunjwa vikasuguana, kimoja kikabaki kimesimama kinaniangalia. Nilikiosha mimi, taratibu, mpaka mafuta yote yakatoka.

Wenye mashine humu, mara ya mwisho mlipoizima mliminya mpaka maji yakaisha, au mliiegemeza tu ukutani? Semeni hapa chini bila kuoneana aibu. Na kama iko ukutani sasa hivi, nendeni mkaiminye kwanza, mtakuja kuandika baadaye.