Mapipa Mawili ya Nyuma

Mtu akigonga pipa tupu la chuma, mimi husimama hata kama niko katikati ya barabara. Sauti yake ni ndefu, ina tumbo, na huchelewa kushuka. Juzi kijana mmoja alikuwa akivingirisha pipa mbele ya duka la rangi, akalipiga kwa kiganja, kwa kujifurahisha tu. Nikajikuta nina miaka tisa, niko Likasi, katika ua wetu wa mtaa wa Panda, asubuhi ya ukungu mwepesi na harufu ya makaa.

Mwaka ule papa, baba yangu, alikuwa akiunda bwato, chombo cha majini. Msifikirie mtumbwi. Kilikuwa kitanda kikubwa cha mbao juu ya mapipa manane ya bluu, mawili mawili toka mbele hadi nyuma, yaliyoshikwa na fremu ya chuma aliyoichomelea mwenyewe. Kilikaa juu ya matofali katikati ya ua, na usiku wa mbalamwezi nilikiona dirishani kama mnyama aliyekuja kulala kwetu bila kuomba.

Papa alikuwa sodere, mchomeleaji. Kazi yake ya miaka mingi ilikuwa imebaki ndani ya mitambo ya watu, mahali ambapo hakuna anayeuliza nani alichoma wapi. Kazi ya kiwandani, usini, ilipoisha, alitengeneza milango na vitanda. Bwato hili, la kuvusha watu kwenye ziwa la Lufira, lingekuwa kitu cha kwanza cha watu kusema: hiki kilichomwa na fulani. Alilipapasa kila jioni, mshono kwa mshono, zile sudure zake, kama mtu anayesoma kwa vidole.

Tulikaa na Kambo, mama wa mama yangu. Kwa desturi yao ya bukwe, papa na mama mkwe wake hawakutazamana machoni, hawakula pamoja, wala hawakuambiana neno. Hivyo mimi nilikuwa njia yao.

"Ambia papa yako, mulango inalia," Kambo alisema, papa akiwa hatua tatu kutoka kwake.

"Ambia Kambo nimesikia," papa alijibu, akitazama ukanda mwembamba wa anga kati ya nyumba mbili.

Niliuliza kwa nini niseme kilichokwisha kusikika. Mama alinijibu kwa konzi. Nilikuwa mtoto wa kuuliza. Niliuliza hata padri alijuaje kwamba malaika hawachoki. Kuhusu desturi hii sikupata jibu lolote, nikaamua kwamba watu wazima wanacheza mchezo wa kijinga na mimi ndiye mpira.

Sasa niwaambie kosa lenyewe. Panda ya wakati ule maji ya bomba yalikuja yalipotaka. Yakija, nyumba nzima iliruka: sufuria, ndoo, bidoni, beseni la kuogea, kila chenye mdomo kilijazwa. Kambo hakuweza kuona pipa tupu, futi kama alivyoliita, na bomba linatoka. Lilimuuma kama kuona mtoto hajala. Siku moja papa alikuwa mjini akitafuta mipira ya kuzibia vifuniko, na mapipa yalikuwa wazi. Maji yakaja kwa kelele ya kukohoa.

"Weye mutoto, unaangalia nini? Mayi iko inatoka, futi zinalala bule!"

Nikakata chupa ya plastiki iwe faneli ya kumiminia. Tulijaza yale mawili ya nyuma, yaliyokuwa karibu na bomba, hadi karibu nusu, ndipo maji yakakatika. Kambo akarudisha vifuniko, akafuta mikono kwenye kitenge, ameridhika. Kesho yake papa aliweka mipira, akakaza vifuniko vyote kwa ufunguo bila kuchungulia. Nani angechungulia pipa aliloliosha na kulikausha mwenyewe? Kambo akawa na malaria juma zima, na mimi nikasahau kama watoto wanavyosahau.

Jumamosi wanaume wa avenue yetu walikuja kulipakia bwato kwenye lori. Wa mbele waliinua kwa wimbo. Wa nyuma walinguruma.

"Bale ba nyuma, hamukukula bukari?"

"Kuya ubebe huku, utaona!"

Wakacheka, wakalipandisha, tukaenda. Ziwa asubuhi ile lilikuwa limetulia mno. Miti iliyokufa ilisimama ndani ya maji yenye rangi ya chai, na ndege weupe juu yake hawakusogea, hata nikadhani wamechorwa. Ng'ambo, moshi wa nyumba ulipanda wima. Huko aliishi dada wa Kambo, na Kambo alikuja amevaa kitenge cha misa ili awe wa kwanza kuvuka.

Walilisukuma majini. Mbele lilielea vizuri. Nyuma likakaa.

Watu wa kijiji walikuwa wamejaa ufukweni. Papa Zefirini, fundi wa injini aliyekuja na motere yake ya kutuazima, alitema kijiti cha meno.

"Sodere, bwato yako iko inaikala sawa mama mwenye kutoka soko!"

Waliondoa motere, nyuma ikapanda vidole viwili tu. Wakasogeza bidoni ya mafuta mbele, kisha wanaume watano wakasimama mbele kabisa, na ubao wa nyuma bado ulilambwa na maji. Mmoja akashauri waweke mawe mbele. Wakaweka. Basi likazama sawasawa pande zote, watu wakapiga makofi. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni akasema ni bulozi, uchawi, kuna mtu wa Panda hakulala vizuri. Nikasikia mwingine akimwambia mumewe: "Minye siingie mule."

Papa aliingia majini hadi kiunoni, akashika ufunguo, akagonga pipa moja baada ya jingine. Ya mbele yalilia ile sauti ndefu, ikatembea juu ya ziwa mpaka ndege mmoja akageuka. Ya nyuma yalisema *tup*, kama mlango wa nyumba yenye watu.

Wakalivuta nchi kavu. Akafungua kifuniko cha kwanza, na maji yakatoka, meupe, yenye harufu ya dawa ya bomba. Harufu ile ilinifikia kabla ya mawazo. Nikamtazama Kambo. Alikuwa anatazama mikono yake.

"Mayi imeingia!" watu wakapokezana.

Papa alikinga kiganja, akanusa. Akayamwaga polepole, bila kugeuka aliko Kambo. Kisha akasimama.

"Ni sudure yangu," alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Nilichoma mubaya."

"Miaka yote ile ku usini, njo sudure hii?" Papa Zefirini akapiga paja. Kicheko kikapita ufukweni.

Mimi sikuweza kuvumilia. "Papa, ile mayi ni shiye, minye na Ka—"

"Nyamaza!"

Hakuwahi kunipazia sauti kabla ya siku hiyo. Machozi yalinijaa, si ya woga, ya hasira. Nilikuwa na ushahidi! Lami ikayeyushwa kwenye kopo, na mbele ya macho yangu papa akaipaka kwenye mishono mizima, kwa uangalifu, kama kweli kuna tundu. Mapipa mawili ya bluu yakabaki na kovu jeusi ambalo kila mtu angeliona na kujua maana yake.

Bwato likarudi majini, likasimama sawa kama meza. Motere ikafungwa nyuma, papa akakaa kando yake. Hakuna aliyesogea. Watu walitazama ile lami.

Kambo akakunja kitenge, akaingia majini. Mbele kulikuwa na benchi lake, lenye mto, mbali na papa kama bukwe inavyotaka. Akalipita.

"Ambia papa yako, minye nitaikala huku nyuma."

Papa alitazama mti mkavu. "Ambia Kambo, nyuma kuko moshi ya motere."

"Ambia papa yako, moshi niko naijua."

Akaketi palepale juu ya mapipa yenye lami, mgongo wake karibu na mgongo wa papa kiasi cha kupitisha kiganja kati yao, kila mmoja akitazama upande wake wa ziwa. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni ndiye aliyefuata, kisha wengine, hadi benchi zikajaa.

Mimi nilinuna safari nzima. Niliona wawili hao wamesema uongo, mmoja kwa mdomo na mwingine kwa kukaa. Nimesoma chuo kikuu tangu hapo, na bado nauliza kila kitu. Hata bukwe yenyewe naiuliza, kwa sababu najua wanawake waliobeba mengi kimya kwa jina lake. Lakini siku ile nilikuwa njia ya maneno, nikadhani kila linalosemwa hupitia kwangu. Ilinichukua miaka kujua kwamba papa alikuwa ameweka jina lake majini ili mama mkwe wake asichekwe, na kwamba Kambo, ambaye hangeweza kumwambia asante hata kama angetaka, alikuwa amemjibu mbele ya kijiji kizima, bila kunituma.