Mitambo Yangu ya Mafuta Ziwani

Wivu ndio ulioniponza, sitafuti kisingizio. Wiki iliyopita wajumbe wa miji yenye mafuta na gesi, kutoka nchi kadhaa, walikutana hapa Kigoma kupanga namna ya kusaidiana. Sisi tulikuwa wenyeji tu, hatuna hata kisima kimoja cha mafuta, na mimi ndiye niliyepewa nafasi ya kuusemea mji.

Kabla yangu alisimama dada mmoja wa Mtwara. Akaonyesha mabomba ya gesi na mitambo inayong'aa, wageni wakampigia makofi mpaka wakasimama. Roho iliniuma! Mimi nilikuwa na picha ya ziwa tu, niliyoipiga usiku nikiwa kwenye boti karibu na Katonga, taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa majini kama mji mzima.

Picha ilipotokea ukutani, mdomo ukanitangulia.

"Hii ni mitambo yetu ya kutafuta mafuta."

Makofi! Nikamtupia jicho yule dada, nikamwona ameduwaa. Nikavimba kichwa.

Kumbe mhandisi mmoja mgeni alikuwa amemwomba fundi wa projekta aikuze picha. Ikakua, ikakua, mpaka taa moja ikajaa ukutani, na chini yake mwanamume kifua wazi anavuta wavu.

Bi Zaituni, mchuuzi wa dagaa niliyekuja naye, akaruka kwa furaha.

"Jamani, si Ramadhani huyo? Shemeji yako!"

Yule dada wa Mtwara akanyoosha mkono taratibu.

"Samahani kaka, shemeji anatoa mapipa mangapi kwa usiku?"