Namba Niliyoificha

Msimamizi wa zamu ya asubuhi katika kiwanda chetu cha minofu ya sangara, Igogo, aliacha mlango wa chumba cha baridi wazi. Joto likapanda, minofu ikalegea. Kabla sijaingia zamu ya mchana alikaa kwenye kompyuta, akafuta namba iliyoletwa na kipimajoto, akaandika ya kwake. Kumbukumbu zikaonyesha zamu yake ilikuwa salama. Lawama ikaniangukia mimi; mwenye kiwanda akanitoa chumba cha baridi, akanipeleka kuosha kreti.

Programu ya kompyuta iliyotunza namba hizo niliiandika mimi, kwa kujisomea kitabu nyumbani Mkuyuni. Kosa lilikuwa langu pia: namba za joto niliziacha wazi, yeyote angeweza kuzigusa.

"Profesa," msimamizi aliniita akipita, "na kreti nazo zinataka kompyuta?"

Wenzangu walicheka. Nilisugua.

Kiwanda kilipoongeza chumba cha pili, mwenye kiwanda alinitaka nirekebishe programu. Safari hii namba niliificha ndani ya klasi, yaani fungu la programu linaloshika namba pamoja na kazi zinazoruhusiwa kuigusa. Kazi ya kwanza ilisoma tu. Ya pili ilibadilisha, ila iliuliza kwanza neno la siri la mtu. Ningeweza kuiandika ikatae kila badiliko. Nilitaka ikubali. Ilionyesha namba mpya kwenye kioo, na nyuma yake ikatunza ya zamani, saa, na mwenye neno la siri. Niliijaribu mpaka nikaridhika, kisha nikarudi kwenye kreti.

Nilingoja wiki sita. Mlango ukaachwa wazi tena, naye msimamizi akaandika namba yake tena.

"Mzee, zamu yangu ilikuwa safi," alimwambia mwenye kiwanda mchana, minofu ikiwa imelegea mbele yao. "Angalia mwenyewe kwenye kompyuta."

Nikaomba kuchapa karatasi moja ya yale programu iliyoyatunza nyuma. Mzee aliisoma mara mbili, akampa msimamizi asome.

"Umenitega."

"Sikukuita kwenye kompyuta, bosi."

"Ungeweza kunizuia!"

"Ningeweza."

Alifukuzwa saa ileile. Nilimsindikiza kwa macho mpaka getini, nikaona raha ambayo mpaka leo sijaionea aibu.

Mzee alikuwa amelisikia jibu langu, na minofu iliyoharibika ilikuwa mali yake.

"Utarudi chumba cha baridi," alisema. "Lakini kesho hiyo kazi ya pili iandike ikatae."

Niliiandika, mistari minne. Ndiyo pekee katika programu ile niliyoiandika bila hamu.