Mayai ya Kuku Aliyeacha Kutaga

Shangazi yangu alikuwa na hesabu yake, na mimi niliiamini kabisa. Hajawahi kubeba mimba hata moja, kwa hivyo mayai yake yote bado iko ndani, imewekwa tu. "Wale wamezaa wanane ndio wamemaliza zao," aliniambia tukichuma majani ya chai kwa shamba lake karibu na Merigi. "Mimi sijatumia hata moja."

Hiyo ilikuwa miaka ya tisini, na alikuwa amepita arobaini. Mwezi wake ulikuwa unapotea, unarudi, unapotea tena. Alinilea tangu mama yangu afariki, kwa hivyo mtu akimwita tasa mbele yangu tulikuwa tunakosana hapo hapo. Kuna mama mmoja nilimwagia maji kwa kisima, mtungi mzima, na hata leo siwezi kumwomba msamaha.

Mashemeji zake, ndugu za bwanake, walikuwa wamechoka kungoja. Walitaka aoe. Kwetu Wakipsigis, mwanamke ambaye hakupata mtoto anaweza kutoa ng'ombe akaoa msichana, na watoto wa huyo msichana wanakuwa wa nyumba yake. Lakini akishaoa anahesabiwa mwanaume. Mambo ya kujaribu kuzaa anaachana nayo kabisa. Hapo ndipo shangazi alishindwa. Kila wakiuliza, anasema bado. Mimi niko nyuma yake najibu hata sijaulizwa: mwachieni, mayai yake iko yote. Bwanake akisikia hivyo anatoka nje kuangalia ng'ombe.

Shule niliachia Form Two lakini kusoma sikuacha. Nilikuwa na kitabu cha bayolojia, nilikinunua Kericho kwa mzee anayetandika vitabu juu ya gunia. Hakikuwa na jalada, na mwanzo wake umeliwa na panya. Nilikuwa natafuta kitu ya kuwanyamazisha wale wazee. Nikapata ingine. Ati mtoto msichana anazaliwa na mayai yake yote tayari, na mengi yameshakufa akiwa bado tumboni. Ati yanaendelea kufa, utumie usitumie. Nilisoma tena. Nikasema labda kitabu ni kibovu tu.

Halafu mashemeji wakatuma neno kwamba wamempata msichana, wamemtoa shule, na Jumamosi wanakuja kuchukua jibu. Shangazi akasema tuwachinjie ule kuku mwekundu, kwa sababu aliacha kutaga. Nikiwa namnyonyoa, kitu ikaniingia kichwani.

"Anti, huyu hajataga tangu tupande mahindi. Kama hesabu yako ni ya kweli, si tutampata amejaa?"

Akacheka. Akasema lete kisu.

Kuku anayetaga, ukimpasua, unapata viini vya manjano vimeshikana, vikubwa na vidogo. Huyu alikuwa na punje chache tu, ndogo kama wimbi. Shangazi akatafuta na kidole chini ya utumbo, akarudia.

"Sasa zimeenda wapi?"

Nikapanguza mikono nikaleta kitabu. Nikamweleza vile nilielewa. Yai linaanza kujigawanya kabla hata mtoto azaliwe, halafu linasimama katikati, linangoja hivyo miaka yote. Ndani kuna vitu kama nyuzi, zimeshikana mbili mbili, na zikikaa sana zinaanza kulegea. Siku ya kugawanyika ikifika, zinagawanyika vibaya. Kwa hivyo hata yale yamebaki, mengi hayashiki.

Akamwagia kuku maji.

"Ni kama majani," akasema. "Usipochuma wiki hii, haikungoji. Inakomaa tu."

"Ndiyo."

"Kwa hivyo hata ningezaa, saa hii zingekuwa zimeisha."

"Karibu hivyo. Lakini kwa nini hukupata ukiwa mdogo, kitabu hakisemi."

"Hata kanisa haikusema." Akaniangalia. "Na zako? Zinaisha ukiwa umekaa hapo?"

"Zinaisha."

"Hata ukilala?"

"Hata nikilala."

"Basi simama ulete kuni, usizimalizie hapa."

Wageni walikula, wakanywa mursik, maziwa lala ya kibuyu kile kizuri, na yule shemeji mkubwa akauliza. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Shangazi akaniwekea mkono kwa goti.

"Nitaoa," akasema. "Lakini huyo mtoto wa shule mmenitafutia, mrudisheni shule. Nitachagua mwenyewe, mtu mzima, mwenye amekubali na mdomo wake."

Mkubwa akaanza kusema vile mambo hufanywa. Shangazi akamwongezea supu.

"Shemeji, si mlitaka niwe mwanaume? Sasa mwanaume amesema."

Bwanake alicheka kwanza, ndio wengine wakacheka. Siku hiyo hakutoka kuangalia ng'ombe.

Zile punje alikuwa amezichemsha kando kwa kikombe. Wageni walipoenda, akanipa nile, na akaniuliza kama kitabu kinaeleza pia mambo ya ng'ombe, kwa vile sasa ana mahari ya kutoa.