Minza na Emelyne Wanaanza Kupiga Soga

Muhula mzima Minza na Emelyne waliishi vyumba vinavyopakana katika hosteli ya chuo kimoja cha maendeleo ya jamii pale Mpanda, na muhula mzima kila mmoja aliamini mwenzake ana maringo.

Emelyne alikuwa mwaka wa kwanza, mtoto wa makazi ya Mishamo. Akisikia malapa ya jirani yake yakipita koridoni alisalimia, "Mambo, dada?" Malapa yakapita zake. Minza, mwaka wa pili, binti wa wafugaji, naye akirudi bombani na ndoo kichwani alimpungia mkono yule msichana mrefu wa barazani. Msichana akatazama mbele tu, kama hajaona mtu. "Huyu anajisikia," Minza akasema moyoni, akaacha kumpungia.

Ukweli ni kwamba Minza hakuwa anasikia. Homa ya uti wa mgongo ilimwondolea masikio akiwa darasa la sita. Akabaki na Kiswahili chake, Kisukuma chake, na sauti ambayo yeye mwenyewe hakuisikia tena. Sekondari, siku aliyosimamishwa kusoma mbele ya darasa, wenzake walicheka mpaka wakalalia madawati. Tangu hapo akaifungia sauti yake. Alisoma midomo, akanakili daftari la rafiki yake Lidia, na mwalimu akiuliza kama wameelewana, aliitikia kwa kichwa pamoja na wengine.

Emelyne naye macho yake yalikuwa yamebakiza mwanga na vivuli, na kitu kikubwa kikiletwa puani kabisa. Alitembea bila fimbo kwa sababu njia zote za hosteli alikwisha kuzikariri kwa hatua, na hakupenda watu wajue.

Jumamosi moja asubuhi Minza alikuwa anaanika nguo kwenye kamba iliyopita nyuma ya baraza. Emelyne alikaa pale ukingoni, simu karibu na mdomo, anaongea. Minza akatupia jicho. Kwenye kioo cha simu maneno yalikuwa yanajipanga yenyewe, makubwa kiasi kwamba matatu manne yalijaza kioo kizima, na Emelyne hagusi kitu! Minza akasahau gauni mkononi, maji yakamchuruzika miguuni. Akasoma:

*mama huku sijambo*

*ila jirani yangu dada Minza*

*amenuna tangu nifike*

*hata salamu haitikii*

"Sijanuna!" Sauti ilimtoka kabla hajaizuia. "Mimi sisikii!"

Emelyne aliruka, nusura simu imponyoke. "Nani huyo?"

Na simu, kwa kuwa hakuna aliyeiambia inyamaze, ikaandika yote: *sijanuna mimi sisikii nani huyo*.

Minza alisoma mstari ule mara mbili. Maneno yake yalikuwa pale, yote, halikukosewa hata moja. Sauti iliyochekwa na darasa zima, simu imeielewa! Akazunguka, akachuchumaa mbele ya Emelyne.

"Ni mimi, Minza. Masikio yangu yaliharibika nikiwa mdogo. Sasa wewe, nikikupungia mkono mbona huitikii?"

*Unanipungia*, kioo kikaandika, kisha: *dada mimi sioni*.

Halafu Minza akaona mabega ya Emelyne yanatikisika, akajua anacheka, naye akaangua kicheko. Walicheka mpaka wasichana wengine wakachungulia madirishani.

Hawakuondoka pale barazani mpaka saa ya chakula cha mchana. Emelyne akiongea, Minza anasoma. Minza akijibu, Emelyne anasikia. Waliulizana kila kitu: kwao, ndugu zao, mwalimu gani anaboa, mvulana gani anajiona. Miaka minane Minza hakuwa amepiga soga na mtu bila kumkodolea macho mdomoni.

Emelyne alimweleza kwamba simu yake ina kazi tatu. Inamsomea kila anachogusa, kwa kasi ya mtangazaji wa mpira. Inakuza maandishi, ili akiileta puani aambulie herufi mojamoja. Na inaandika yanayosemwa.

"Hata yako inaweza," alisema. "Itoe."

Minza alitoa simu yake, yenye nyufa, aliyorithi kwa kaka yake Mwandu. Miaka miwili yote alikuwa akiitumia kwa meseji na picha tu. Emelyne hakuweza kuiona, lakini njia aliijua kichwani. "Ingia kwenye mipangilio. Shuka, shuka, mpaka pameandikwa ufikivu, ndipo pa watu kama sisi." Minza akasoma maelekezo kwenye simu ya Emelyne huku akibonyeza yake. Kilichokosekana wakakipakua. Kisha Emelyne akainamia simu ile yenye nyufa akasema neno moja, nalo likatokea: *hongera*.

Jumatatu Minza alikaa kiti cha mbele kabisa, simu wazi juu ya meza. Mwalimu Zefania, aliyewafundisha utafiti shirikishi, alikuwa na tabia ya kuongea huku akiandika ubaoni, kwa hiyo mwaka mzima Minza alikuwa amesoma kisogo chake. Leo maneno ya kisogo yalikuwa yanamiminika mezani! Siyo yote yaliyokuja sawa. Mwalimu alipochomekea Kiingereza, simu iliandika *pati sipati tori*, na Minza ikabidi ayatamketamke kimoyomoyo mpaka alipong'amua kuwa ni "participatory", yaani "shirikishi", kwenye jina la somo lenyewe. Lakini mengine yalisomeka.

*Mtafiti akamuuliza mzee una ng'ombe wangapi*, simu iliandika. *Mzee akasema ulipoanza maswali yako walikuwa kumi sasa hivi nadhani wameshazaa*.

Darasa lilikuwa limekwisha kucheka na kutulia Minza alipofika mwisho wa mstari. Akacheka peke yake, kwa sauti. Mwalimu akageuka, akaiona simu.

*Minza zima simu*.

Zamani angetii na kuinamisha uso. Safari hii alisimama. "Mwalimu," alisema, na alijua kila mtu anaisikia sauti yake ilivyo, "nikiizima sitakusikia."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu Zefania alisogea, akainama juu ya meza, akakuta somo lake lote limepangwa pale, pamoja na amri ya kuzima simu. Alisoma mpaka mwisho, kisha akaketi kwenye ukingo wa meza.

"Na mwaka mzima ulipokuwa unaitikia kwa kichwa?"

"Nilikuwa naitikia tu, mwalimu."

"Basi nyie wote," akaliambia darasa, "mtu asiongee wakati mwenzake anaongea. Mmoja mmoja." Akairudisha chaki mezani, akafundisha kipindi chote akiwaangalia. Mara kwa mara alikuwa anakuja kuchungulia simu imemwandikaje, na ilipogeuza jina lake kuwa *safi nia*, alicheka kuliko wanafunzi.

Wiki tatu baadaye chuo kikaenda kijijini kwa mazoezi. Madarasa ya mwaka wa kwanza na wa pili yalipelekwa kata ya Kasokola kusikiliza kikao cha kamati ya maji. Minza na Emelyne waliomba kuwa kundi moja. Kikao hakijafika hata nusu saa, mtandao ukakatika. Kioo cha Minza kikaganda kwenye neno *mheshimiwa*.

Minza akamgusa Emelyne begani, akamnong'oneza kuwa mtandao umekatika. Lakini Emelyne alikwisha kuchomeka kisikilizi sikio moja ili simu imsomee anachochapa, akaiweka simu yake kati yao, na vidole vyake vikaanza kukimbia. Alichokisikia alikichapa, Minza akakisoma. Na Minza akamnong'oneza asichokiona: nani amenyoosha mkono, nani amekunja uso.

"Kuna mama nyuma," alinong'ona. "Amefungua mdomo mara tatu, wanaume wanamkatiza."

*Msemee*, Emelyne alichapa.

Minza akanyoosha mkono, akasimama. Sauti ilimtetemeka, lakini akaiachia. "Samahani wazee. Yule mama wa nyuma ana neno."

Mama yule, aliyeitwa Fausta, alieleza kwamba bomba linafunguliwa saa ambayo wanawake wote wako shambani, na wakirudi wanalikuta limefungwa. Wanawake wenzake wakaanza kuunga mkono kwa pamoja, na Emelyne akachapa mpaka jasho likamtoka. Kabla kikao hakijaisha, mwenyekiti alikubali saa za bomba zibadilishwe.

Kwenye gari la chuo, wakirudi Mpanda, hakuna aliyesinzia kati ya hao wawili. Emelyne alitaka kujua Fausta alikuwa amevaaje na uso wake ulikaaje alipomaliza kusema. Minza alitaka kujua sauti ya mama huyo ikoje, nzito au nyembamba, na kama ilitetemeka kama yake mwenyewe.