Mwendo wa Mgonjwa

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, ingawa ningependa kuisahau. Ilikuwa miaka ya hamsini. Nilikuwa kijana wa kaptula iliyopigwa pasi, karani wa Mzungu wa boma aliyekuwa akichora ramani ya pwani yetu ya Ziwa Mweru. Serikali ilitaka kuongeza zahanati moja, moja tu, iwekwe kwa watu walio mbali zaidi na ile ya Nchelenge. Kwenye ramani, vijiji vya mbali vingepakwa nyekundu, vya karibu kijani. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka vijijini nikiuliza safari huchukua muda gani.

Kisiwani Chisenga, alikoolewa dada yangu mkubwa, sikukaa hata siku nzima. Niliwauliza wavuvi waliokuwa wakishona nyavu. Nawe unawajua wavuvi: nani atakubali mbele ya wenzake kwamba anapiga kasia polepole? Mmoja alisema huondoka alfajiri na kufika Nchelenge kabla jua halijafika utosini. Mwenzake akacheka, akasema yeye humtangulia huyo. Nikaandika.

Dada yangu alikuwa akianika samaki hapo karibu. Akaniambia, “Mudogo yangu, bale banasema namna banaendaka na samaki. Uulize na siye bamama, namna tunapelekaka bagonjwa.”

Nikamjibu kwamba Mzungu anataka majibu ya wenye mitumbwi. Ukweli ni kwamba niliona haya, karani mzima nifundishwe kazi na mwanamke mwenye magamba mikononi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini guu lililovunjika halikuwa langu. Chisenga ikapakwa kijani.

Mvua zilipoanza, mwana wa dada, Mulenga, akashikwa na surua. Alikuwa na miaka mitatu, na kwetu mjomba ndiye mwenye mtoto. Siku ya kwanza walijaribu kuvuka kwenda Nchelenge, upepo ukawarudisha. Siku ya pili mawimbi yalizidi, hakuna aliyethubutu kutoka. Siku ya tatu walivuka polepole, mmoja akichota maji mtumbwini muda wote, na mtoto akafa mapajani mwa mama yake kabla hawajaiona pwani. Walipofika nilifuatwa bomani, nikaenda ufukweni kuwapokea.

Dada hakulia mbele yangu. Alisema tu, “Kwa karatasi yako siye tuko karibu, mudogo yangu. Ona vile tumefika.”

Nilimwendea Mzungu nikamweleza kosa langu. Hakunikaripia, na ingekuwa nafuu angenikaripia. Alisema msingi wa zahanati umeshachimbwa kwingine. Nilimzika Mulenga, na hadi dada alipofariki hatukuzungumza tena habari ile. Majuto ni mjukuu, nami huyu wangu nimezeeka naye.

Sasa wewe umepewa kazi ileile, kwa vyombo vinavyotazama toka angani. Sivibezi. Ila adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Ukifika kijijini usiwaulize wenye nguvu peke yao. Mtafute mama aliyewahi kubeba mgonjwa, umuulize alipita wapi, alingoja nini, na mvua ikinyesha huwaje. Akikuambia ni mbali, andika mbali, hata kama ramani inakataa. Na ukigundua umekosea, sema siku hiyohiyo, usingoje kama mimi.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe moyo wa kusikiliza, na akuepushe na kumpokea ufukweni mtoto wa dada yako akiwa amefunikwa kitenge.